Shina, Bohari na Zizi: Uchunguzi wa Neno Moja la Kiingereza katika Wabera, Isiolo

1. Utangulizi

Mwanafunzi wa tafsiri akiulizwa ni maneno gani ya Kiingereza yaliyo magumu kutiwa katika Kiswahili, aghalabu hukimbilia maneno makubwa ya falsafa, ya siasa, au ya sayansi. Maneno hayo kwa hakika hayasumbui sana. Maana zake ni chache, zimefafanuliwa vitabuni, na istilahi zake huundwa na kukubaliwa na wataalamu waliokaa pamoja. Ugumu hasa umo katika maneno madogo ya kila siku, ambayo Mwingereza huyatamka mara nyingi kwa siku bila kutambua kwamba kila mara ametaja kitu kingine. Makala haya yanachunguza neno moja la namna hiyo, nalo ni 'stock'. Mahali pa uchunguzi ni Wabera, wadi iliyo katika mji wa Isiolo, kaskazini mwa Kenya.

Mahali hapa hapakuteuliwa kwa kubahatisha. Isiolo ni mji wa mpakani kati ya nyanda za wakulima na nyika ya wafugaji. Waborana, Wasomali, Wasamburu, Waturkana na Wameru hukutana sokoni, na lugha inayowakutanisha ni Kiswahili. Mji huu una maduka, una soko la mifugo, una polisi, na una vyuo vya kijeshi. Kwa hiyo neno tunalolichunguza limekaa hapa na karibu maana zake zote kwa pamoja. Isitoshe, jina lenyewe la wadi linatukumbusha uzito wa jambo hili. Daudi Dabasso Wabera alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa Mkuu wa Wilaya ya Isiolo. Aliuawa tarehe 28 Juni 1963, pamoja na Chifu Haji Galma Dido, miezi michache kabla ya uhuru, katika mgogoro wa kutaka kuitenga Wilaya ya Mpakani ya Kaskazini na Kenya. Katika vita vilivyofuata, mifugo ya watu ilikuwa miongoni mwa vitu vilivyolengwa shabaha. Mwenye kulifasiri neno la Kiingereza linalotaja mifugo hiyo hana budi kuwa mwangalifu.

Tuna hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba wingi wa maana za neno hili ni mfumo wenye mantiki, na kamusi inayoziorodhesha kwa kuzitenga kwa mkato huificha mantiki hiyo. Ya pili ni kwamba mfumo huo ulipoingia Isiolo kwa njia ya sheria na ofisi za serikali uliingia na mtazamo wake juu ya mnyama na mwenye mnyama, na tafsiri zetu zimeupokea mtazamo huo bila kuuhoji.

2. Neno na Ukoo Wake

Katika Kiingereza cha kale neno hili lilikuwa na maana ya gogo, kisiki au shina la mti. Ndugu yake wa Kijerumani hadi leo ana maana ya fimbo. Kutokana na mti huo yalichipuka matawi mengi. Ubao wenye matundu ambao mfungwa alitiwa miguu ukapewa jina hilo. Sisi twauita mkatale. Sehemu ya mti ya bunduki, ile inayoegemezwa begani, ikaitwa hivyo hivyo. Nasi twaiita kitako cha bunduki. Shina ambalo mkulima hulipandikizia kikonyo cha mti mwingine likachukua jina hilo. Kisha, kama ilivyo katika lugha nyingi zinazoulinganisha ukoo na mti, neno likahamia kwa watu, likawa na maana ya nasaba.

Je, neno la mti liliingiaje sokoni? Jibu lingine, pamoja na lile la shina lizaalo, limo katika desturi ya kale ya hazina ya Uingereza. Mtu alipoikopesha serikali fedha, kiasi chake kilichanjwa kwenye kijiti, kisha kijiti kikapasuliwa vipande viwili. Kipande kimoja alipewa mdai, na hicho ndicho kilichoitwa 'stock'. Kingine kilibaki na mdaiwa. Vipande vikikutanishwa na chanjo zikalingana, deni lilithibitishwa. Vijiti hivyo vilipoachwa kutumika vilirundikana, na mwaka 1834 ikaamriwa vichomwe katika tanuri zilizokuwa chini ya jengo la Bunge mjini London. Moto ukashika jengo lenyewe usiku wa tarehe 16 Oktoba na kuliteketeza. Kijiti kilichoshikwa na mdai ni jamaa wa karibu wa hati inayoshikwa leo na mwenye hisa. Ndiyo sababu neno lile lile linatumika katika jina la asili la Soko la Hisa la Nairobi, lililoanzishwa mwaka 1954.

Kutoka hapo neno likaenea: mtaji wa mfanyabiashara, bidhaa zilizomo dukani, akiba iliyowekwa bohari, mabehewa na injini za reli, wanyama wa shamba, hata mchuzi wa mifupa ambao mpishi huuweka uwe msingi wa supu. Msemo uliozoeleka mno mpaka ukachakaa nao huitwa kwa neno hili, kana kwamba umetolewa rafuni kama bidhaa. Mtu anayechekwa na watu wote pia hutajwa kwalo.

Tukiziangalia maana hizi kwa pamoja, twaona kwamba nyingi zina uzi mmoja. Kila mara yupo msingi usimamao imara na kitu kinachotoka katika msingi huo. Shina hutoa matawi, ukoo hutoa watoto, mtaji hutoa faida, bohari hutoa bidhaa, kundi la ng'ombe hutoa ndama, na mchuzi wa mifupa hutoa supu. Mwingereza wa kawaida haujui uzi huo, lakini lugha yake imeuhifadhi. Anapotamka maana moja, nyingine zimekaa jirani.

Kiswahili hakikukosa maneno. Kina shina, gogo, kisiki, mkatale, kitako, ukoo, nasaba, akiba, shehena, bidhaa, hisa, mtaji, rasilimali na mifugo. Mengine yana asili ya Kibantu, mengine ya Kiarabu, na yote ni ya Kiswahili. Hata hivyo hayakai nyumba moja. Neno 'shina' lenyewe limesafiri kwa njia nyingine kabisa. Katika sarufi twalisikia tunapozungumzia shina la kitenzi. Nchini Tanzania liliingia katika siasa, likawa na maana ya tawi dogo kabisa la chama, lenye balozi wake wa nyumba kumi. Kwa hiyo mti wa Kiingereza ulielekea sokoni, na mti wa Kiswahili ukaelekea kwenye sarufi na kwenye mkutano wa majirani.

Ferdinand de Saussure, katika mihadhara iliyochapishwa mwaka 1916, alitufundisha kwamba thamani ya neno hutokana na maneno mengine yanayolizunguka katika lugha yake. Mfano wake unajulikana: Kifaransa kina neno moja kwa kondoo aliye hai na kwa nyama yake, na Kiingereza kina maneno mawili, kwa hiyo neno la Kifaransa halina thamani sawa na lolote kati ya hayo mawili. Wahakiki wa Kiingereza waliolichukua jambo hili mbele zaidi ni William Empson, katika kitabu chake cha 1951 juu ya muundo wa maneno changamano, na Raymond Williams, katika kitabu chake cha 1976 juu ya maneno muhimu ya utamaduni na jamii. Empson alionyesha kwamba neno lenye maana nyingi huweza kubeba kauli nzima ndani yake, kwani maana moja huidai nyingine bila msemaji kusema lolote. Alilitumia hata neno la kawaida kama lile la mbwa. Funzo hilo ndilo tutakalolitumia hapa.

3. Neno Lilivyofika Isiolo

Baada ya Vita Kuu vya Kwanza, askari wa Kisomali waliokuwa wamelitumikia jeshi la Uingereza walipewa nafasi ya kukaa Isiolo. Mji ukakua kama kituo cha utawala na, hasa, kama kituo cha karantini ya mifugo. Wilaya za kaskazini zilikuwa zimefungwa kwa sheria ya mwaka 1902 juu ya wilaya za mbali, na sheria ya mwaka 1934 juu ya wilaya maalumu ikazidi kukaza. Mtu hakuweza kuingia wala kutoka apendavyo. Wanyama nao walikuwa na kizuizi chao. Ng'ombe wa kaskazini walishikwa kwanza karantini kabla ya kuruhusiwa kwenda kusini, kwa hofu ya magonjwa kama vile homa ya mapafu, na pia ili mifugo ya walowezi na soko lao vilindwe.

Katika maandishi ya serikali ya wakati huo ng'ombe wa mlowezi na ng'ombe wa Mborana walitajwa kwa neno moja, ila wa pili akaongezewa sifa ya kuonyesha kwamba ni wa mwenyeji. Neno hilo lilimwezesha karani kumweka mnyama katika safu ya hesabu: wangapi wameingia, wangapi wamechanjwa, wangapi wamekufa, wangapi wamepita. Hatusemi kwamba hesabu ni mbaya. Karantini bila hesabu haiwezekani, na homa ya mapafu haikuwa hadithi. Tunachosema ni kwamba neno lilikuwa limekwisha kuchagua upande wa kumtazamia mnyama kabla karani hajashika kalamu.

Baada ya uhuru kazi ya kuwakusanya na kuwauza wanyama wa kaskazini ilishikwa na idara ya serikali ya soko la mifugo, ambayo ilikuwa na uwanja mkubwa wa kuwahifadhi wanyama Isiolo. Herufi za kwanza za jina lake la Kiingereza, LMD, zimebaki kuwa jina la sehemu ya Isiolo hadi leo, na wengi walitamkao hawana haja ya kujua herufi hizo zilisimama badala ya nini.

Yatazamwe sasa matumizi ya watu wenyewe. Mwenye duka huko Wabera husema stoki imefika, au stoki imekwisha, na kila mteja anamwelewa. Neno limekwisha kuvaa kanzu ya Kiswahili. Lakini mfugaji aliyepoteza ng'ombe kwa ukame hasemi kwamba stoki yake imekufa. Atasema mifugo, au ng'ombe, au mali. Umma, bila kamati na bila kamusi, umelipokea neno la Kiingereza kwa bidhaa za rafuni na kulikataa kwa mnyama wa zizini. Huu ni uamuzi wa kisemantiki wenye busara, nao wastahili kuchunguzwa na wanaisimu kwa makini kama wanavyochunguza maamuzi ya kamati.

4. Mifugo na Mali

Mfugaji wa kaskazini anapotumia neno 'mali' kwa wanyama wake, hasemi Kiswahili kibovu. Katika Kisomali neno 'xoolo' lina maana ya mifugo na maana ya mali kwa jumla. Katika Kiborana 'horii' ni vivyo hivyo. Neno 'mali' lenyewe tulilipata kutoka Kiarabu, na Waarabu wa jangwani walilitumia kwa ngamia wao. Kilatini kililizaa jina la fedha kutokana na jina la mifugo. Hata Kiingereza, kabla ya maduka, kilikuwa hivyo: neno lake la ng'ombe na neno lake la mtaji ni ndugu wa tumbo moja, na yote mawili yanatoka katika neno la Kilatini lenye maana ya kichwa. Sisi nasi tunalo neno 'rasilimali', ambalo katika Kiarabu ni kichwa cha mali. Kwa hiyo kuutazama utajiri kwa jicho la mchungaji ni desturi ya mataifa mengi, na Kiswahili cha Isiolo kimeirudisha katika neno ambalo pwani ililiwekea nyumba, mashamba na fedha.

Neno 'mifugo' lina habari nyingine. Linatokana na kitenzi 'kufuga', na kitenzi hicho ni kipana kuliko zizi. Mtu hufuga ndevu, hufuga nywele, hufuga kucha. Na asiyekwenda kutibiwa huambiwa kwamba anafuga maradhi. Katika matumizi yote haya yupo anayekiacha kitu kikue chini ya mamlaka yake, naye huwajibika kwa kukua kwake. Mfugo hauwezi kutajwa pasipo mfugaji kuwako nyuma ya neno, kwa kuwa umbo lenyewe la neno linamdai. Neno la Kiingereza halimdai mtu. Gogo lipo hata kama hapana aliyeliweka, na bidhaa iko rafuni hata mwenye duka akifa. Tungeweza kusema kwa ufupi kwamba neno 'mifugo' linamkumbuka anayelisha, na neno 'stock' linamkumbuka anayehesabu.

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii ni ya mwenye duka, na ni ya kweli. Lakini mfugaji ana daftari yake pia. Anamjua ng'ombe kwa rangi na kwa pembe, anamjua mama yake, anajua alitoka kwa nani na kwa sababu gani: kama ni mahari, au zawadi, au deni la wema. Hapa tunafika mahali pa ajabu kidogo. Kati ya maana zote za neno la Kiingereza, ile inayomkaribia mnyama wa mfugaji kuliko zote ni maana ya nasaba. Gunia moja la sukari huchukua nafasi ya jingine. Ng'ombe ana ukoo, na ukoo wake umefungamana na ukoo wa watu. Kiingereza kinayo maana hiyo, ila karani aliiacha akachukua ile ya bohari.

Tofauti hii hudhihirika pale neno linapofanywa kuwa kitenzi. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliamua kupunguza mifugo ya Ukambani, kwa hoja kwamba ardhi ilikuwa imeelemewa. Ng'ombe walichukuliwa na kuuzwa kwa bei duni, wengi wakipelekwa katika kiwanda cha nyama cha Athi River. Maelfu ya Wakamba, wakiongozwa na Muindi Mbingu, walikwenda Nairobi kumwona Gavana, na mwishowe serikali ikalegeza amri yake, ijapokuwa Mbingu mwenyewe alihamishiwa Lamu. Kitenzi cha Kiingereza kilichotumika kwa kazi hiyo ni kile kile ambacho mwenye duka angekitumia kwa kuondoa bidhaa zilizozidi. Kinamtaja afanyaye na kitu kinachofanywa, aliyetendewa hayumo. Sarufi ya Kiswahili inatupa njia ya kumrudisha. Serikali ilipunguza mifugo. Mkamba alipunguziwa mifugo. Kiambishi kidogo cha kutendea, pamoja na kile cha kutendwa, kinamwingiza katika sentensi mtu ambaye neno la Kiingereza lilimwacha nje. Mfasiri mwenye chombo kama hiki mkononi akikiacha, kosa si la lugha.

Kadhalika, baada ya ukame mkali wa mwaka 1984, mashirika mbalimbali yaliendesha miradi ya kuwapa wafugaji wa kaskazini wanyama wa kuanzia upya. Kitenzi cha Kiingereza kwa kazi hiyo ni cha kujaza rafu tena. Waborana walikuwa na jina lao tangu zamani: 'busa gonofa', yaani utaratibu ambao kwao aliyepoteza mifugo huchangiwa na watu wa ukoo wake. Katika utaratibu huo mnyama huja na undugu, na apokeaye leo anajua kwamba kesho atatoa. Mfasiri anayeandika 'kujaza upya mifugo' ameyafasiri maneno na kuuacha utaratibu. Afadhali aandike 'kuwarudishia wafugaji mifugo' au 'kuwachangia', ikiwa ndivyo ilivyofanyika. Na kama haikufanyika hivyo, basi tofauti hiyo nayo ionekane katika Kiswahili chake.

5. Mfano kutoka Venisi

Msomaji anaweza kudhani kwamba jambo hili ni la ofisi za mifugo tu. Tuangalie basi tamthilia ya Shakespeare ambayo Julius Nyerere aliifasiri kwa jina la Mabepari wa Venisi, iliyochapishwa mwaka 1969. Katika onyesho la mkopo, Shailoki anasimulia habari za Yakobo na kondoo wa Labani ili atetee faida ya riba. Antonio anamdhihaki kwa kumwuliza kama dhahabu na fedha ni kondoo majike na madume, na Shailoki anajibu kwamba yeye huzizalisha kwa kasi iyo hiyo. Mzozo wote wa tamthilia umo hapa: je, mali isiyo na uhai yaweza kuzaa kama mifugo? Baadaye, mahakamani, Shakespeare anamtia Shailoki kinywani neno tunalolichunguza, kwa maana ya ukoo, anaposikitikia ndoa ya binti yake. Mwanamume aliyezungumzia mifugo na mtaji sasa anazungumzia uzao wake mwenyewe. Kwa msikilizaji wa Kiingereza, mifugo, mtaji na uzao ni maana tatu zinazoweza kulala chini ya neno moja.

Mfasiri wa Kiswahili hana neno moja la kuzifunika zote. Lakini Nyerere alipata pengine alichokikosa hapa. Neno 'bepari', lililotujia kutoka India, lilikuwa na maana ya mfanyabiashara. Mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, lilikuwa limekwisha kupata maana ya mnyonyaji mwenye mitaji. Aidha alilitia katika wingi, ijapokuwa jina la Kiingereza linamtaja mfanyabiashara mmoja. Kwa neno moja la Kiswahili lenye maana mbili, na kwa kiambishi kimoja cha wingi, alimtia hatiani Antonio pamoja na Shailoki. Hapa tunajifunza kwamba mfasiri hodari hatafuti kurudisha kila maana palepale ilipopotea. Huangalia lugha yake ina maneno gani yenye uzito wa aina hiyo, kisha huyaweka yanapoweza kufanya kazi.

6. Wizi wa Nini?

Twaingia sasa katika suala zito kuliko yote. Sheria za Kenya zina sheria mahususi juu ya wizi wa mifugo na mazao, yenye asili katika enzi ya ukoloni, na polisi wana kikosi maalumu cha kuuzuia wizi huo. Msemo wa Kiswahili 'wizi wa mifugo' umetoka moja kwa moja katika istilahi hizo za Kiingereza. Magazeti huutumia, redio huutumia, na wanafunzi huuandika katika insha.

Tuuchambue kwa vipimo vya Kiswahili chenyewe. Mwizi ni mtu anayechukua kwa siri. Achukuaye hadharani kwa nguvu ni mnyang'anyi au mporaji, na wanaokuja kwa kundi wenye silaha wanavamia. Sheria yetu yenyewe imelazimika kusema 'wizi wa mabavu' pale siri inapokosekana. Tarehe 10 Novemba 2012, katika bonde la Suguta karibu na Baragoi, Kaunti ya Samburu, askari polisi zaidi ya 40 waliuawa walipokuwa wakifuatilia mifugo iliyoibwa. Msikilizaji akiambiwa kwamba tukio hilo ni sehemu ya tatizo la wizi wa mifugo, amesikia habari za ng'ombe. Waliokufa wamekuwa kama gharama ya pembeni. Hapa ndipo ile kauli iliyofichika ndani ya neno, aliyoieleza Empson, inapofanya kazi: kilichopotea ni bidhaa, na bidhaa hulipika.

Upo upande wa pili. Katika vita vya 1963 hadi 1967, ambavyo serikali iliviita vya mashifta, watu wa Isiolo walikusanywa katika vijiji vilivyolindwa, na mifugo mingi ilitwaliwa au kupigwa risasi na askari wa serikali. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyotoa ripoti yake mwaka 2013, ilipokea habari za mateso ya miaka hiyo kaskazini. Kutwaliwa huko hakukuitwa wizi. Kulikuwa na maneno mengine ya kiofisi, yote ya heshima. Kwa hiyo mnyama yule yule akichukuliwa na jirani, kitendo kina jina la jinai. Akichukuliwa na dola, kitendo kina jina la utaratibu. Mwenye mnyama kwa Kiswahili chake ana sentensi moja tu kwa yote mawili: nimenyang'anywa mali. Sentensi hiyo inamtaja yeye, inataja nguvu iliyotumika, na inataja thamani ya kilichopotea. Hakuna hata kimoja kati ya vitatu hivyo katika istilahi tuliyoipokea.

Huenda tukajibiwa kwamba istilahi ya sheria haina budi kudumu mahali pamoja, na kwamba mahakama haiwezi kubadili jina la kosa kila mara mhakiki akitaka. Jibu hilo ni sahihi, wala hatuna haja ya kulipinga. Tangu Katiba ya mwaka 2010, Kiswahili ni lugha rasmi ya Kenya pamoja na Kiingereza. Hivyo uthabiti wa istilahi zake ni jambo la haki za watu. Ibaki 'wizi wa mifugo' katika hati ya mashtaka. Lakini mwandishi wa habari, mwalimu, na mtungaji wa riwaya hawaandiki hati za mashtaka. Wao wana hiari ya kusema uvamizi pale watu walipovamiwa, mauaji pale walipouawa, na unyang'anyi pale waliponyang'anywa. Wakiendelea kukopa istilahi ya mahakama, wataifanya kuwa msemo uliochakaa. Na tumekwisha kuona kwamba Kiingereza huuita msemo wa namna hiyo kwa neno la bidhaa ya rafuni.

7. Hitimisho

Kutokana na uchunguzi huu yanafuata mambo matatu yanayowahusu watungaji wa kamusi, walimu na wafasiri.

Kwanza, kamusi zetu za lugha mbili zinapolishughulikia neno lenye maana nyingi, zionyeshe uzi unaoziunganisha maana hizo na kila maana ipewe sentensi ya mfano. Orodha ya visawe isiyo na maelezo humfundisha mwanafunzi kuchukua kisawe cha kwanza.

Pili, Kiswahili cha miji ya bara na ya nyika kikusanywe kwa bidii ile ile iliyotumika kwa lahaja za pwani. Matumizi ya 'mali' kwa maana ya mifugo, na mpaka ambao watu wa Isiolo wameuweka kati ya stoki na mifugo, ni maarifa ya lugha. Kamusi isiyoyaingiza imepunguka, na mwanafunzi wa Wabera akiifungua hataikuta lugha anayoisema nyumbani kwao.

Tatu, mfasiri asiulize tu neno hili lina maana gani. Aulize pia ni nani aliyekuwa akizungumza lilipopata maana hiyo, na alikuwa amesimama wapi: dukani, ofisini, au mlangoni pa zizi. Lugha ya Kiswahili ina kauli za kutendea na kutendwa, ina 'kufuga' na 'kunyang'anya', na ina maneno ya kutosha kumtaja kila mmoja wa hao watatu. Akimsahau yule wa zizini, ameamua kumsahau, na msomaji ana haki ya kumdai sababu.